Kwa Nini Video Hukwama: Hadithi ya Viendeshi vya Grafiki kwenye Linux Nyepesi

Kuna swali ambalo huulizwa na karibu kila mtu aliyewahi kufufua kompyuta kuukuu kwa Linux. Ameondoa Windows, akaweka Puppy, Lubuntu au antiX. Mashine iliyokuwa ikijikokota sasa inaamka upesi. Anaandika barua, anasoma habari, anasikiliza muziki, mambo shwari kabisa. Kisha anafungua video. Picha inakatikakatika, midomo ya watu haiendi na sauti, feni inanguruma kama kinu cha unga. Hapo ndipo swali linapokuja: si tuliambiwa mfumo huu ni mwepesi? Mbona video ni nzito?

Mimi ni mwandishi wa programu na nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, lakini jibu la swali hili halikuwa kwenye silabasi. Liko kwenye historia, tena historia ndefu ya zaidi ya miaka thelathini. Ndugu msomaji, leo nataka tuipitie pamoja, kwa sababu ukiijua hutanunua tena kompyuta ya mtumba kwa kuangalia gigahezi na RAM peke yake. Kwetu Kenya hili si jambo dogo. Wengi wetu tumejifunzia kompyuta kwenye mashine za "ex-UK", zilizokwisha kufanya kazi maofisini Ulaya kabla ya kufika Mombasa. Mashine kama hiyo ikiishi miaka mitano zaidi, kuna mtoto aliyesomeshwa nayo. Ikifa mapema, ni pesa za mzazi zimekwenda jaani.

Nitakachojaribu kuonyesha ni hiki: kwa kompyuta ya zamani, nguvu ya chipu ya grafiki haina uzito kama swali la nani anayeshika maelezo ya chipu hiyo.

Video ni kazi ya aina gani?

Tuanze na msingi. Video yoyote uliyo nayo kwenye diski imebanwa. Ili uione, kazi tatu lazima zifanyike kwa kila fremu, mara 25 au 30 kwa sekunde. Kwanza, kusimbua, yaani kuifungua ile data iliyobanwa ili ipatikane picha kamili. Pili, kubadilisha rangi. Video huhifadhiwa kwa mtindo unaotenga mwangaza na rangi, unaoitwa YUV, ilhali skrini inataka nyekundu, kijani na bluu. Tatu, kuinyoosha picha ili ienee kwenye dirisha au skrini nzima.

Prosesa inaweza kuzifanya zote tatu. Lakini prosesa ni fundi wa kazi zote. Anajua kila kitu na hana haraka ya pekee kwa lolote. Kumbuka ving'amuzi tulivyonunua mwaka 2015 televisheni zilipohamia dijitali. Ndani ya kile kiboksi mna prosesa dhaifu kuliko ya kompyuta nyingi kuukuu, lakini video inatiririka kama maji. Siri yake ni sakiti maalum ambayo haijui kazi nyingine duniani ila kusimbua video. Kadi za grafiki za kompyuta nazo zina sakiti za namna hiyo. Shida ni kuziamsha.

Anayeziamsha ni kiendeshi. Mtaani tunasema "draiva". Ni programu inayoijua lugha ya chipu fulani: ukiandika namba hii mahali hapa, chipu itafanya hivi. Bila kiendeshi kinachoijua lugha hiyo, sakiti ya video ni kama pampu ya maji isiyo na swichi. Ipo na ni nzima, lakini bado unachota kwa ndoo.

Enzi za VCD na mlango unaoitwa Xv

Mfumo wa madirisha wa X ulizaliwa MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo la 11, linalotumika hata leo, lilitoka mwaka 1987. Waliolibuni walikuwa wanafikiria herufi, mistari na madirisha. Filamu haikuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo programu ya kwanza iliyotaka kuonyesha video kwenye X ililazimika kufanya kazi zote tatu kwa prosesa, kisha kuisukuma picha iliyokamilika hadi kwenye kadi, fremu baada ya fremu.

Wacha tupige hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Chukua VCD, zile diski zilizobeba sinema za River Road kabla DVD hazijashika. Fremu ya VCD ya mtindo wa PAL ina pikseli 352 kwa 288, yaani pikseli 101,376. Kwa YUV, kila pikseli inachukua wastani wa baiti 1.5. Hiyo ni takriban baiti 152,000 kwa fremu, na kwa fremu 25 ni kama megabaiti 3.8 kwa sekunde. Si kitu.

Sasa mtu akataka kuitazama kwa skrini nzima ya 1024 kwa 768. Ikiwa prosesa ndiyo inayonyoosha picha na kubadilisha rangi, kila fremu inakuwa pikseli 786,432 kwa baiti 4 kila moja, karibu megabaiti 3.1. Mara 25, unapata megabaiti 78 na ushei kwa sekunde. Njia ya PCI iliyobeba kadi nyingi za wakati huo ilikuwa na kikomo cha megabaiti 133 kwa sekunde, tena kwenye karatasi tu, na vifaa vingine viligawana njia hiyo hiyo. Data iliyokuwa megabaiti 3.8 imevimba zaidi ya mara ishirini kabla ya kufika kwenye skrini!

Dawa yake iliitwa XVideo, au kwa kifupi Xv. Maelezo ya toleo lake la pili yaliandikwa na David Carver mwaka 1991, lakini watumiaji wa kawaida wa Linux walianza kuionja XFree86 4.0 ilipotoka Machi 2000. Wazo lake ni rahisi. Programu inamkabidhi X fremu ikiwa bado YUV, ndogo vile vile ilivyo, na kadi yenyewe ndiyo inayobadilisha rangi na kunyoosha. Njia ya PCI inabeba megabaiti 3.8 badala ya 78. Prosesa inabaki na kazi ya kusimbua tu.

Mwaka huo huo wa 2000, Árpád Gereöffy wa Hungaria alianza kuandika MPlayer kwa sababu hakuona kicheza video cha kumridhisha kwenye Linux. Waliowahi kuitumia wataukumbuka mstari huu wa amri: `mplayer -vo xv`. Maneno mawili, na mashine ya Pentium III iliyokuwa ikihema ilitulia. Hakuna kilichobadilika ndani ya mashine. Kilichobadilika ni mlango tu.

Mfumo mwepesi, mzigo mzito

Miaka iliyofuata ilileta matoleo mepesi ya Linux, na hapa historia inatuchekesha kidogo. Puppy Linux ya Barry Kauler wa Australia ilianza mwaka 2003. Damn Small Linux ilianza miaka hiyo hiyo, ikajiwekea sheria ya kutozidi megabaiti 50. Yalikuwa maajabu kwa kweli: mfumo mzima wenye kivinjari na vyombo vya ofisini, ndani ya nafasi ya nyimbo kumi na kitu za MP3.

Lakini ili mfumo uwe mdogo na uwashe kila mashine, njia ya mkato ilikuwa kiendeshi kimoja cha wote, kinachotumia kanuni za VESA. VESA ni kama lugha ya ishara: karibu kila kadi ya grafiki inaielewa, na huwezi kuzungumza nayo mambo mengi. Inakupa picha kwenye skrini, basi. Hakuna Xv, kadi hainyooshi wala haibadilishi rangi. Damn Small Linux ilitumia Xvesa, seva ndogo ya X ya aina hiyo, na Puppy za mwanzo zilikuwa zikikuuliza uchague kati ya Xvesa na Xorg kamili.

Unaona kejeli yenyewe? Mtu mwenye mashine dhaifu alichagua mfumo mwepesi ili kumpunguzia prosesa kazi, na mfumo huo, kwa kuacha viendeshi, ukamrudishia prosesa kazi zote za video. Ndiyo maana mafundi wengi wa zamani, mtu akilalamika kuhusu video, swali lao la kwanza lilikuwa moja: unatumia kiendeshi gani, cha kadi yako au vesa?

Kwa hiyo jibu la swali letu la mwanzo limeanza kuonekana. Wepesi wa mfumo hupunguza RAM inayoliwa na programu unazoendesha. Wepesi wa video hutoka kwa kiendeshi. Ni hesabu mbili tofauti.

H.264 inageuza mchezo

Xv iliwaokoa watu wa VCD na DVD kwa sababu kusimbua MPEG-1 na MPEG-2 hakukuwa kazi kubwa mno. Mwaka 2003 kiwango cha H.264 kilipitishwa. Kinabana vizuri kuliko wazee wake, lakini kukisimbua kunahitaji hesabu nyingi zaidi. Sasa ile kazi ya kwanza, kusimbua kwenyewe, ikawa ndiyo inayoua prosesa. X ilikuwa na nyongeza iitwayo XvMC ya kuisaidia prosesa kusimbua, lakini ilibuniwa kwa ajili ya MPEG-2.

Kampuni za chipu zikaja na milango mipya. Intel ilibuni VA-API. NVIDIA ilitoa VDPAU Novemba 2008. Yote miwili ilimruhusu mwandishi wa kicheza video kuikabidhi kadi data ikiwa bado imebanwa, kadi ikamaliza kazi zote tatu. Kwa mara ya kwanza kompyuta ya Linux iliweza kuwa kama king'amuzi.

Nasi huku tulikuwa tunaingia kwenye enzi ya video wakati huo huo. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS ziliunganishwa mwaka 2009, na intaneti ya Kenya, iliyokuwa ikitegemea setilaiti, ikaanza kuwa na upana wa kubeba video. YouTube wakati huo ilipitia Flash, na Flash ya Linux iliikalia prosesa kitako. Usimbuaji wa H.264 kupitia VDPAU ulikuja kwenye Flash ya Linux mwaka 2012 tu, katika toleo 11.2. Yaani waya ulifika, lakini ndani ya kasha la kompyuta foleni ilibaki pale pale.

Ndugu wawili: GMA 950 na GMA 500

Sasa tufike kwenye kiini cha hadithi. Mwaka 2008 dunia ilikuwa imepagawa na laptopu ndogo za bei nafuu. Asus alikuwa ameanzisha moto huo mwishoni mwa 2007 kwa Eee PC 701, iliyouzwa ikiwa na Linux. Nyingi zilizofuata zilibeba prosesa ya Atom ya Intel, na kwa upande wa grafiki kulikuwa na ndugu wawili wenye majina yanayokaribiana.

Wa kwanza ni GMA 950. Chipu ya kawaida sana, ya zama za 2005 na 2006, haina sakiti ya kusimbua H.264. Wa pili ni GMA 500, iliyokuja 2008 pamoja na Atom za Z5xx, ndani ya chipu ambayo Intel iliiita Poulsbo. Huyu alikuwa msomi wa familia: alitumia umeme kidogo na alikuwa na sakiti ya kusimbua H.264 ya HD. Tena alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia VA-API kwenye Linux. Sony aliiweka kwenye Vaio P, Nokia kwenye Booklet 3G, Acer kwenye Aspire One 751h, na Dell kwenye Inspiron Mini 12, ambayo iliuzwa pia ikiwa na Ubuntu 8.04.

Ukiambiwa uchague mmoja kwa ajili ya video, ungemchagua yupi? Kwenye karatasi, GMA 500 bila kusita.

Lakini kulikuwa na tofauti ambayo haikuandikwa kwenye boksi. GMA 950 ilibuniwa na Intel yenyewe, na kiendeshi chake kilikuwa huria: msimbo wake uko wazi ndani ya kerneli ya Linux na ndani ya Mesa, maktaba ya grafiki iliyoanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. GMA 500 ilikuwa chipu ya PowerVR, mali ya Imagination Technologies ya Uingereza, ambayo Intel ilikuwa imeipangisha. Intel ilikuwa kama mpangaji ambaye fundi akimwomba ramani ya nyumba hana ruhusa ya kuitoa, kwani ramani ni ya mwenye nyumba. Kwa hiyo sehemu muhimu za kiendeshi cha GMA 500 zilitolewa zikiwa zimefungwa: faili tayari, bila msimbo wa kuzitengeneza.

Kwenye ile Ubuntu iliyokuja na mashine, mambo yalikwenda. Tatizo ni kwamba Linux haisimami. Kerneli hutoka upya kila baada ya miezi miwili au mitatu, na watunzaji wake hawaahidi kwamba viungo vya ndani vinavyotumiwa na viendeshi vitabaki vile vile. Kiendeshi kilicho ndani ya kerneli hakina wasiwasi, maana anayebadilisha kiungo hurekebisha na viendeshi vyote vinavyokitumia kwa mkupuo. Kilichofungwa humngoja mwenyewe akirekebishe. Na mwenyewe akichoka je?

Ndivyo ilivyokuwa. Matoleo mapya ya kerneli na ya Xorg yalipotoka, kiendeshi cha GMA 500 kilivunjika. Watu wa kujitolea walijaribu kukitia viraka, toleo hadi toleo, lakini huwezi kutia kiraka kitu usichokiona ndani. Wenye laptopu hizo walibaki na chaguo mbili: kukaa kwenye mfumo wa zamani usiopata tena marekebisho ya usalama, au kusonga mbele na kurudi kwenye vesa, mara nyingi na picha isiyolingana na skrini. Ile sakiti ya HD ilikuwa bado mle ndani, nzima kabisa, imelala.

Mwaka 2011 Alan Cox, mmoja wa wakongwe wa kerneli, aliandika kiendeshi huria cha GMA 500. Kiliingia Linux 2.6.39 kama kazi ya majaribio, na Machi 2012, katika Linux 3.3, kikapata makao rasmi. Patrik Jakobsson aliendelea kukitunza. Kiliwapa watu picha safi kwa ukubwa sahihi wa skrini, na hadi leo kimo ndani ya kerneli. Lakini hakikuwapa grafiki za 3D, wala kusimbua video. Maelezo ya sehemu hizo hayakuwepo mikononi mwao.

Na ndugu yake mnyonge? GMA 950 iliendelea. Mwaka 2022 Mesa ilipoondoa viendeshi vingi vya muundo wa kale, chipu za familia hiyo hazikuachwa, kwa sababu kulikuwa na kiendeshi cha muundo mpya ambacho watu walikuwa wamekifanyia kazi. Haiwezi miujiza. Video ya DVD au ya 480p inapita vizuri, na 720p inaitoa jasho. Lakini kile ilichoweza siku ilipouzwa, bado inakiweza. Hatimaye aliyekuwa dhaifu amemzika msomi.

Ajabu ni kwamba kosa hilo lilirudiwa. Mwishoni mwa 2011 Intel ilitoa Atom za N2600 na N2800 zikiwa na GMA 3600 na 3650, PowerVR tena, na kilio kikawa kile kile. Ni mwaka 2013, kwa chipu za Bay Trail, ndipo Atom za aina hiyo zilipopewa grafiki za Intel yenyewe zenye kiendeshi huria. Imagination nayo ilianza kutoa msimbo huria wa PowerVR mwaka 2022, lakini kwa vizazi vya baadaye. GMA 500 haimo.

Je, kilichofungwa ni kibaya siku zote?

Hapana, na lazima niwe mkweli. Kwa miaka mingi njia bora ya kutazama video za HD kwenye Linux ilikuwa kiendeshi kilichofungwa cha NVIDIA. Mwaka 2009 ilikuja ION, ambapo Atom ile ile dhaifu iliunganishwa na chipu ya GeForce 9400M. Kwa VDPAU, kompyuta ndogo kama Acer AspireRevo ilicheza video za 1080p kwenye Linux huku prosesa ikipumzika. Viendeshi huria vya wakati huo havikuweza kuikaribia.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye muda. Kadi hizo za GeForce 8 na 9 zilitegemea kiendeshi cha mfululizo wa 340, na NVIDIA iliacha kukitunza mwisho wa 2019. Baada ya hapo, kila kerneli mpya ni bahati nasibu. Mradi wa Nouveau uliandika kiendeshi huria kwa kuchunguza chipu za NVIDIA kutoka nje, kazi ya subira ya ajabu, lakini ili kusimbua video kwenye kadi hizo bado unahitaji kuchopoa faili kutoka kwa kiendeshi cha NVIDIA chenyewe. Ilipofika Mei 2022 NVIDIA iliweka wazi msimbo wa sehemu ya kerneli, ila kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea.

AMD ilipita njia ya tatu. Septemba 2007 ilitangaza kwamba itatoa maelezo ya chipu zake za Radeon kwa umma. Hata hivyo sakiti ya video, UVD, ilibaki gizani, kwa sababu ilifungamana na teknolojia ya kuzuia kunakili filamu na wanasheria walihofia siri hizo. Ilichukua hadi Aprili 2013 kwa AMD kutoa msimbo huria wa UVD, na ukaingia Linux 3.10 mwaka huo. Mwenye Radeon HD 4000 ya mwaka 2008 alingoja miaka mitano kuamsha sakiti aliyokwisha kuilipia. Lakini ilipoamka haikulala tena.

Linganisha hao watatu. NVIDIA ilianza vizuri, ikaachia njiani. AMD ilichelewa, ikadumu. GMA 500 ilianza kwa kishindo, ikazikwa hai. Kama unanunua mashine mpya na utaibadilisha baada ya miaka mitatu, pengine hutaiona tofauti hiyo. Lakini mnunuzi wa mtumba anaingia mchezoni pale ambapo mwenye kampuni anatoka. Miaka ambayo kampuni haijali tena ndiyo miaka yetu sisi.

Historia hii inatusaidiaje leo?

Kabla ya kulipia laptopu ya mtumba, iwashe kwa Linux kutoka kwenye flashi na uandike `lspci -k`. Utaona jina la chipu ya grafiki na kiendeshi cha kerneli kinachoiendesha. Ukiona i915, radeon au amdgpu, uko na viendeshi huria vyenye watunzaji. Ukiona gma500_gfx, mwuzaji akushushie bei sana, na usitarajie video. Ikiwa ni NVIDIA ya zamani, tafuta kwanza mfululizo wa kiendeshi chake na uone kama bado unatunzwa.

Kisha andika `vainfo`. Amri hiyo huorodhesha aina za video ambazo chipu yako inaweza kusimbua. Ikikataa kwenye Intel, usikate tamaa mapema: baadhi ya matoleo mepesi hayaweki kiendeshi cha VA-API mwanzoni. Kwenye Debian na jamaa zake, pakiti huitwa `i965-va-driver` kwa chipu za zamani na `intel-media-va-driver` kwa za kuanzia kizazi cha 5 cha Core. Ukimaliza, jaribu `mpv --hwdec=auto` kwa video iliyo kwenye diski na uangalie prosesa inavyoshuka.

Kuna mtego mmoja wa kisasa. Laptopu za Core za kizazi cha 2, za mwaka 2011, husimbua H.264 vizuri kwa kiendeshi huria. Lakini YouTube hupenda kutuma VP9 au AV1, na chipu hiyo haizijui, kwa hiyo mzigo unamrudia prosesa kama enzi za vesa. Intel ilianza kusimbua VP9 kikamilifu kwenye kizazi cha 7, na AV1 kwenye kizazi cha 11. Kwa mashine za kabla ya hapo, nyongeza ya kivinjari iitwayo h264ify huiambia YouTube itume H.264. Na ukitumia Firefox kwenye Intel, toleo 115 la Julai 2023 ndilo lililowasha usimbuaji wa kadi kwa kawaida kwenye Linux. Kabla yake ilibidi uuwashe mwenyewe kwenye mipangilio.

Ukomo upo pia. Atom nyingi za 2008 ni za biti 32, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haiwezi tena kusakinishwa kwenye mashine za aina hiyo. AntiX bado ilikuwa na toleo la biti 32 katika mfululizo wake wa 23. Hakuna mashine inayoishi milele, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba kati ya laptopu mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja, moja ilipata miaka kumi zaidi ya kufanya kazi kwa sababu maelezo yake yalikuwa wazi, na watu wasiowahi kukutana na mwenye nayo waliweza kuitunza.

Kwa hiyo mwuzaji akikuambia "hii ina grafiki kali", mwulize swali moja tu: kiendeshi chake ni cha nani? Akikutolea macho, andika `lspci -k` mwenyewe. Haichukui hata dakika moja.